Kutu haiponi kwa puti na rangi

UKIPITA kwenye gereji za bodi hapa Juba, iwe Custom, Gudele au upande wa Jebel, utakuta kazi ni ile ile. Gari limeletwa likiwa limeliwa na kutu chini ya milango. Fundi analipitisha brashi ya waya mara mbili tatu, anaziba matundu kwa gazeti au wavu, anabandika puti juu yake, anapiga msasa hadi panakuwa laini kama kioo, kisha anapuliza rangi. Jioni mwenye gari anaondoka akitabasamu. Msimu mmoja wa mvua ukipita, malengelenge yanarudi pale pale, na safari hii tundu ni kubwa kuliko la kwanza.

Kazi ya namna hiyo si matengenezo. Ni kuficha maradhi, na wahenga walishatuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hoja yangu ni kwamba sisi tunaofufua magari ya zamani majumbani mwetu, pamoja na ndugu zetu wanaoyavusha mpakani kuja kuyauza, tuache kuzika kutu. Kutu ikatwe, bati jipya lichomelewe, na mnunuzi aambiwe ukweli. Fedha zikipungua, kinachosubiri kiwe rangi, wala si bati.

Wapo watakaosema kwamba katika mji wenye shida za maji, umeme na mishahara, habari za bati la gari ni anasa. Siafiki. Kwa familia nyingi zilizorudi nyumbani, gari ni mali ya pili kwa thamani baada ya kiwanja, na mara nyingi ndiyo mali pekee inayoleta chakula kila siku. Gari likioza, mtaji umeoza.

Tukumbuke tulivyofika hapa. Wako waliorudi baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, na wako waliorudi kupiga kura ya maoni ya 2011. Wengi wao walikimbia tena Desemba 2013 au Julai 2016, wakaenda Adjumani, Arua, Kakuma na Nairobi. Wako pia waliokuja kutoka Khartoum kupitia Renk, baada ya vita vya Sudan kuanza Aprili 2023. Waliokimbia kutoka Juba waliacha magari uani, chini ya mwarobaini au mwembe, wakidhani watarudi baada ya wiki mbili. Wamerudi baada ya miaka. Injini, ukibadilisha oili, betri na mipira, mara nyingi huamka. Bodi ndiyo inayotoa machozi.

Sababu yake si uchawi. Majani ya mti huanguka kwenye ile nafasi iliyo chini ya kioo cha mbele, pale maji ya mvua yanapotakiwa kupita. Yakioza hapo, njia ya maji huziba, na maji hutafuta njia ya kuingia ndani miguuni mwa dereva. Zulia hubaki limelowa kuanzia mvua za Aprili hadi Oktoba. Kila mlango nao una vitundu vidogo chini vya kutolea maji. Vumbi la barabara zetu likichanganyika na maji huviziba kama saruji, na mlango unageuka ndoo. Ndiyo maana milango huoza kuanzia chini kwenda juu, na kutoka ndani kuja nje. Ukiona lengelenge dogo kwa nje, jua kwamba kwa ndani bati limekwisha kuliwa.

Ili chuma kipate kutu kinahitaji maji na hewa tu. Lakini kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila, na hapo ndipo rangi inapoinuliwa na kupasuka, maji yakaingia zaidi. Chumvi ikiwepo, kazi hiyo hukimbia. Wafanyabiashara wa magari wanapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Sehemu za kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hujificha chini ya gari na ndani ya mikunjo ya bati. Kisha gari hupanda meli hadi Mombasa, likakaa kwenye yadi zenye upepo wa bahari, ndipo lianze safari ya Kampala, Elegu na Nimule. Kwa hiyo gari linaloingia Juba likimetameta huenda liliambukizwa maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Sasa tuitazame puti yenyewe. Puti ya bodi ni gundi ya poliesta iliyochanganywa na unga laini. Kazi yake ni kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima, kwa unene wa milimita mbili au tatu. Haikutengenezwa kuziba tundu. Ikiwekwa juu ya kutu hunyonya unyevu na kuushikilia, na kutu huendelea kula kwa siri. Isitoshe, puti haina nguvu ya kubeba kitu chochote.

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la urembo na kuwa la uhai. Magari madogo, Noah na Hiace hayana fremu ya chuma inayosimama peke yake chini yake. Sakafu, nguzo za milango na ile sehemu unayokanyaga unapopanda, ambayo nitaiita kizingiti, ndiyo mifupa ya gari. Viti vimefungwa kwenye sakafu hiyo. Mikanda ya usalama imefungwa kwenye nguzo na sakafu hiyo hiyo. Ikiwa bati pale bolti ya mkanda ilipo limegeuka unga uliofunikwa kwa puti, siku ya ajali mkanda utang'oka pamoja na bolti yake.

Na tunaendesha magari hayo wapi? Barabara kuu ya lami inayotuunganisha na Uganda ni ile ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia USAID na kufunguliwa Septemba 2012. Wenzetu wa Uganda huendesha upande wa kushoto, sisi upande wa kulia, hivyo mpakani magari hubadili upande. Lakini magari mengi tunayoyapokea yana usukani wa kulia. Dereva wake anapotaka kulipita lori amekaa upande wa ukingo wa barabara, na hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka awe amelichomoza gari zima. Kila anayesafiri njia hiyo anajua ajali za uso kwa uso zilivyo. Katika njia ya namna hiyo, kumpakia mama na watoto ndani ya gari lenye mifupa ya puti ni kucheza na roho za watu.

Wenye magari makubwa wasijione wamepona. Tangu siku za Operation Lifeline Sudan, iliyoanza 1989 na kuhudumiwa kwa sehemu kubwa kutoka Lokichoggio, nchi hii imejaa Land Cruiser na Land Rover zilizozeeka kazini. Mtu husema, "Land Rover haipati kutu." Ni kweli nusu. Bodi yake ya zamani ni ya alumini kwa sababu ilipoanza kutengenezwa 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lakini chesisi yake ni chuma, na huoza kutoka ndani. Pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na maji, alumini nayo huliwa ikawa unga mweupe. Kwa Land Cruiser, tazama chesisi nyuma ya magurudumu ya nyuma na pale springi zinaposhikizwa. Ukigonga kwa nyundo ndogo, chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye unga.

Siandiki haya kwa kusikia. Kiangazi kilichopita mimi na shemeji yangu tulifufua pikapu ya Land Cruiser katika ua wa nyumbani, gari lililokaa tangu 2016. Kabla ya hapo lilikuwa limeshapelekwa gereji moja mjini, na fundi akamwambia shemeji, "Mzee, hii tutaipiga puti tu, hutajua." Shemeji alimshukuru akalirudisha nyumbani. Kilichofuata kilituchukua wiki sita za jioni na Jumamosi, na nitaeleza namna kazi ilivyokwenda ili mwenye nia aone kwamba inawezekana.

Kwanza tulivua kila kitu: viti, zulia, mipira ya milango, betri na tangi la mafuta. Tangi ni lazima litoke kabla ya mtu kuwasha moto wowote karibu. Mvuke wa petroli haumsubiri mtu, na gari la dizeli nalo halina ruhusa ya uzembe. Kisha tulikwangua rangi mpaka bati jeupe likaonekana pande zote za kila tundu. Hapo ndipo moyo huvunjika, maana tundu la ukubwa wa sarafu huwa ukubwa wa sahani. Lakini hakuna njia nyingine. Ukikata kwa huruma ukaacha bati lililoanza kuliwa, umechomelea kiraka kipya kwenye kitu kinachokufa.

Pili ni bati la kiraka. Wengi hapa hutumia vipande vya mabati ya kuezekea au madebe ya mafuta ya kula. Hilo ni kosa kwa sababu mbili. Bati la kuezekea ni jembamba mno kwa kazi hii, na limepakwa zinki ambayo ikiungua hutoa moshi unaomtia fundi homa usiku. Kata bati la chuma lisilopakwa kitu, geji 20 kwa madigadi na milango, geji 18 kwa sakafu na vizingiti. Tengeneza kwanza umbo kwa karatasi ngumu ya boksi, ndipo ulihamishie kwenye bati. Kadiri kiraka kinavyokaa vizuri kabla ya kuchomelewa, ndivyo puti itakavyohitajika kidogo baadaye.

Tatu ni kuchomelea. Bati la bodi ni jembamba, halifiki hata milimita moja katika sehemu nyingi. Fundi aliyezoea mageti akilijia na fimbo nene ya kuchomelea na moto wa geti, atalitoboa na kulipinda. Fimbo ya milimita 2, moto mdogo, na nukta moja moja. Weka nukta hapa, nenda upande wa pili uweke nyingine, acha pa kwanza papoe, rudi katikati. Anayekimbiza mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho hupata bati lililojikunja kama jani kavu. Chesisi ni nene zaidi na inataka moto mkubwa na mkono wa fundi aliyebobea. Hapo nasema wazi kwamba mtu wa nyumbani asijaribu peke yake. Sisi kazi ya chesisi tulimpa fundi aliyejifunza Kakuma, na fedha alizopata ni halali yake.

Nne ni kinga, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri hupotea. Kiraka kikishachomelewa kina pande mbili. Upande wa nje kila mtu anauona na ataupaka rangi. Upande wa ndani umeungua, hauna rangi, na hakuna anayeuangalia. Ndipo kutu mpya inapoanzia. Paka praima yenye zinki pale pote mkono na brashi vinapofika, na palipojificha penyeza nta au grisi iliyoyeyushwa. Ziba viungo kwa gundi ya bodi, lakini vile vitundu vya kutolea maji uviache wazi, tena uvizibue kwa waya. Nawasihi ndugu zangu, msimwage oili chafu ndani ya vizingiti kama wengi wanavyofanya. Hudondoka ardhini, na ardhi hiyo hiyo ndiyo inayokunywa maji yetu ya mvua.

Baada ya hayo yote ndipo puti ina nafasi yake, tabaka jembamba juu ya bati zima lililokauka. Nayo isiachwe wazi mvuani ikisubiri rangi, maana itakunywa maji na kuwapa tabu mliyokwisha kuiondoa. Ndiyo maana kazi ya bodi hufanywa kiangazi, kati ya Desemba na Machi.

Najua swali linalokuja. Nani ana fedha za mambo yote hayo, wakati pauni inashuka na bati, oksijeni na hata fimbo za kuchomelea vinatoka ng'ambo ya mpaka kwa bei ya dola? Ni swali la haki. Jibu langu ni mpangilio. Anza na vinavyobeba uzito na uhai: chesisi, sakafu chini ya viti, pale mikanda inaposhikwa, vizingiti, bawaba za milango. Madigadi na boneti vinaweza kusubiri hata mwaka. Kiraka kilichochomelewa vizuri na kupakwa praima ya kijivu si aibu. Gari lenye viraka vya kijivu linatembea salama kuliko lenye rangi ya harusi na tumbo lililooza. Tena hesabu fedha unazolipa kila mwaka kwa puti na rangi mpya. Wengi wetu tumeshanunua bati hilo mara tatu bila kulipata.

Sasa nizungumze na ndugu zangu wa biashara ya mpakani. Najua faida ni nyembamba na vizuizi vya njiani ni vingi. Lakini gari linaponunuliwa kwenye mnada wa Japani huja na karatasi ya ukaguzi, na karatasi hiyo inasema mengi. Kwenye mchoro wa gari herufi S maana yake kutu, kutokana na neno la Kijapani sabi. Herufi C ni kutu iliyokula bati. W ni sehemu iliyowahi kurekebishwa, na X ni sehemu inayotakiwa kubadilishwa. Namba inayofuata herufi ikiwa kubwa, ubovu ni mkubwa. Daraja la R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Mfanyabiashara anayeificha karatasi hiyo njiani anajua kwa nini anaificha. Anayeiweka mezani hupoteza mteja mmoja leo na kupata kumi kesho, kwa kuwa Juba ni mji mdogo na habari hutembea kwa raksha na boda.

Tukumbuke pia kwamba majirani wamefunga milango yao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Uganda kuanzia 2018 iliyakataa yaliyozidi miaka 15. Soko linalokubali kila kitu bila kuuliza ndilo linalogeuzwa jalala. Sipendekezi tupige marufuku magari ya zamani, maana hapo maskini ndiye atakayetembea kwa miguu. Napendekeza tuyapokee macho yakiwa wazi.

Wewe unayekwenda kununua, usiende mikono mitupu. Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa usije ukakwaruza gari la watu. Ipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu. Ikishika madigadi yote kisha ikaacha kushika sehemu moja, hapo chini yake pana puti nene. Gonga kwa kidole usikilize. Inua zulia, hasa miguuni mwa dereva na chini ya tairi la akiba. Vuta mpira wa mlango utazame ukingo uliojificha. Lala chini utazame chesisi. Ukiona imepakwa lami nyeusi, mbichi na nzito, uliza kuna nini chini ya lami hiyo. Muuzaji akikasirika kwa sababu umelala chini ya gari, ameshakujibu. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kwa mafundi wetu sina lawama kubwa. Wengi wanapiga puti kwa sababu mteja anataka gari likesho, kwa bei ya chai. Wapo vijana waliorudi na ujuzi kutoka gereji za Katwe mjini Kampala, za Nairobi, na kutoka vyuo vya Don Bosco pale Kakuma walikofundishwa uchomeleaji na ufundi wa magari. Ujuzi huo unakufa ikiwa kazi tunayowapa ni ya kupaka tu. Kituo cha mafunzo cha MTC hapa Juba kinaweza kutoa kozi fupi ya kuchomelea bati jembamba, na chama cha mafundi kikiwepo sokoni kinaweza kuandika kwenye risiti kile kilichokatwa na kilichowekwa. Risiti hiyo itampandishia bei mwenye gari siku akiuza.

Na kwa wakubwa wetu wa usalama barabarani: askari anayesimamisha gari njia ya Nimule hutazama leseni, kibali na stika. Ni vyema. Lakini ukaguzi wa gari la abiria uliofanyika bila mtu kupiga magoti kutazama chini ya gari si ukaguzi. Nyundo ndogo na tochi havihitaji mfadhili. Gari la abiria ambalo sakafu yake inatobolewa kwa bisibisi liondolewe njiani mpaka lichomelewe, hata kama mwenye gari ni mtu mkubwa, na hasa kama ni mtu mkubwa.

Kiangazi hakikai. Mwenye gari uani aanze Jumamosi hii kwa kuzoa majani chini ya kioo, kuzibua vitundu vya milango na kuanika zulia juani. Hayo hayagharimu hata pauni moja, na yataokoa bati ambalo kesho lingekuwa la kununua kwa dola.